Bunge la 11, Muswada wa Fedha na Korosho Zetu: Maelezo ya Katibu kwa Wanachama wa Tawi

*CHAMA CHA MAPINDUZI, TAWI LA CHOLE, KISARAWE*

*Haya ni maelezo ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama, Julai 2020. Yanatumwa kwa wote kwa sababu wengi walikuwa mashambani. Mwenye simu amsomee asiye nayo.*

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!



Tarehe 16 Juni, Mwenyekiti wetu wa Chama na Rais wa nchi, Ndugu John Pombe Magufuli, alilihutubia Bunge pale Dodoma kwa ajili ya kulifunga. Bunge la 11 lililoanza Novemba 2015 limemaliza kazi. Sasa ni msimu wa watia nia. Simu zinaita, salamu zinatufikia kutoka kwa ndugu ambao kwa miaka mitano hatukusikia hata chafya yao. Kanuni za Chama ziko wazi: muda wa kampeni haujafika, na ofisi ya tawi haina mgombea. Hapa hatumtaji mtu wala hatumpigii debe mtu.

Tunachotaka kuzungumza ni jambo moja. Sheria inatungwaje Bungeni, Chama kinaingia wapi katika kuitunga, na sisi wa tawi tunaingia wapi? Tutatumia mfano wa korosho, maana hapa Chole kila mtu anaujua mkorosho.

*1. BUNGE LENYEWE LILIKUWAJE*

Uchaguzi wa 2015 ulikuwa mgumu. Wenzetu wa CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD waliungana chini ya UKAWA. Hata hivyo Chama chetu kiliingia Bungeni kikiwa na zaidi ya theluthi mbili ya wabunge. Spika akawa Ndugu Job Ndugai, Naibu Spika Dkt. Tulia Ackson, na Waziri Mkuu Ndugu Kassim Majaliwa.

Ukiwa na wingi huo, muswada wa Serikali haukwami. Spika anahoji: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Kisha anatangaza kwamba walioafiki wameshinda. Hiyo ni haki ya aliyepewa kura na wananchi, na wala hatuioni aibu.

Lakini mambo mawili yalitokea mapema. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja kama zamani. Tukabaki na kipindi cha usiku cha "Leo katika Bunge", kilichorekodiwa na kuchaguliwa vipande. Mkulima aliyekuwa akikaa dukani mchana kumsikiliza mbunge akibishana na waziri, hakuweza tena. Jambo la pili, katikati ya 2016 wabunge wa upinzani walikuwa wakitoka ukumbini kila Naibu Spika alipokalia kiti. Bajeti ya 2016/17 ilipita wao wakiwa nje.

Wapo kati yetu waliofurahi: wametoka, afadhali, kazi iende. Tuliangalie hilo kwa utulivu. Kazi ya kuhoji muswada haiishi kwa sababu mpinzani ametoka. Inakuja mezani kwa mbunge wa CCM. Asipoifanya yeye, haifanywi na mtu.

*2. KWA NINI MBUNGE HUSEMA NDIYO*

Vijana wetu wengine hudhani mbunge husema ndiyo kwa uoga tu. Si haki kusema hivyo. Katiba yenyewe ina mambo matatu yanayombana, na mwanachama anatakiwa ayajue.

Kwanza, Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa nacho, anapoteza ubunge. Nchi yetu haina mbunge asiye na chama. Kwa hiyo anayevutana na chama chake mpaka akafukuzwa, anaondoka na kiti.

Pili, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge kama limekataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Katika bajeti kila mbunge huitwa kwa jina na kutamka kura yake. Anayesema hapana pale anajua kwamba hapana zikizidi, wote wanarudi majimboni.

Tatu, Ibara ya 53 inawataka mawaziri wawajibike Bungeni kwa pamoja. Waziri hawezi kusimama akaupinga muswada wa Serikali yake. Sisi wa Kisarawe hili linatuhusu moja kwa moja. Mbunge wetu, Ndugu Selemani Jafo, kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki amekuwa Waziri wa Nchi, TAMISEMI. Ni heshima kwa wilaya, na waziri ana milango mingi ya kupeleka shida za watu wake. Lakini ukumbini, muswada wa Serikali ni muswada wake pia. Jimbo lenye waziri linapata sauti kubwa katika Serikali, na mle ndani ya ukumbi linabaki bila mtu wa kuuliza maswali. Huo ndio utaratibu, nasi inabidi tuujue ili tujipange.

Juu ya hayo kuna kamati ya wabunge wote wa Chama. Humo ndimo msimamo hupangwa kabla ya kuingia ukumbini. Mbunge wetu anaweza kubishana humo ndani mpaka jasho limtoke, akitoka anasimama na wenzake. Chama chochote makini duniani hufanya hivyo.

*3. NGUVU HIYO IKITUMIKA VIZURI*

Mwanzoni mwa Julai 2017 Bunge lilipitisha sheria tatu kuhusu madini na maliasili kwa hati ya dharura. Miswada ilisomwa, ikajadiliwa na kupitishwa katika siku chache. Serikali ikapata haki ya kumiliki hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kulipia, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6. Bunge likapewa nafasi ya kupitia mikataba yenye masharti mabaya. Mwaka huu tumeona Kampuni ya Twiga ikianza, Serikali ikiwa na asilimia 16 na Barrick asilimia 84. Wapinzani walilalamikia haraka ile, sisi tuliunga mkono, na matunda tunaweza kuyaonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo hatusemi kwamba wingi ni mbaya, wala kwamba haraka ni mbaya siku zote. Tunasema nguvu ile ile iliyoleta asilimia 16, mwaka mmoja baadaye ilipita juu ya mikorosho.

*4. KIFUNGU KIMOJA CHA JUNI 2018*

Korosho ghafi inayouzwa nje hutozwa ushuru. Sheria ya Tasnia ya Korosho inasema ni asilimia 15 ya bei ya bandarini, au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Lengo ni kuwahimiza wafanyabiashara wabangue hapa nyumbani badala ya kusafirisha korosho ghafi kwenda India na Vietnam. Ushuru ule ulikuwa unagawanywa: asilimia 65 kuendeleza zao, yaani pembejeo, miche, utafiti na ubanguaji, na asilimia 35 Hazina.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua tani moja iliyouzwa kwa dola 1,500. Ushuru ni dola 225. Katika hizo, dola 146 na senti 25 zinarudi kwenye zao, na dola 78 na senti 75 zinakwenda Hazina. Ukiipiga ile ya kwanza kwa shilingi 2,250 kwa dola na kuigawa kwa kilo, unapata shilingi mia tatu na zaidi kwa kila kilo ya korosho. Mkulima haishiki mkononi. Inamrudia kama salfa, kama miche, kama mtaalamu anayefika shambani.

Juni 2018 Muswada wa Sheria ya Fedha ulikuja na kifungu cha kubadili mgawanyo huo. Fedha zote, asilimia 100, ziende Mfuko Mkuu wa Hazina.

Tuwe waadilifu, Serikali ilikuwa na hoja. Ibara ya 135 ya Katiba inasema mapato ya Serikali yaingie Mfuko Mkuu, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga. Aliyewahi kufunga hesabu anajua faida ya mfuko mmoja: fedha hazitawanyiki, ukaguzi unakuwa rahisi, na ujanja kwenye mifuko ya pembeni unapungua. Hiyo ni hoja ya kihasibu na ina uzito.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Ukifuta fungu lililotengwa kisheria, lazima uonyeshe palipoandikwa fungu jipya la kuchukua nafasi yake. Kabla ya hapo salfa ilikuwa na fedha zake kwa mujibu wa sheria. Baada ya hapo ilibidi ipige foleni na kila kitu kingine katika bajeti: barabara, dawa, madawati, reli. Na mkorosho haungoji foleni. Ubwiriunga ukishapiga ua, hata ukileta salfa lori zima mwezi unaofuata, ua halirudi.

Nani walisimama kusema hayo? Walikuwa wapinzani, ndiyo. Lakini waliosema kwa uchungu zaidi walikuwa wabunge wa CCM kutoka mikoa ya korosho. Ndugu Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini, ambaye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, alisimama. Ndugu Nape Nnauye wa Mtama alisimama. Hawa hawakuwa watu wa kuokotwa. Wote wawili wamewahi kuwa mawaziri wa Serikali ya CCM. Walikuwa wanasema kile ambacho mkulima wao angesema kama angepewa kipaza sauti.

Kifungu kikapita. Wabunge wa mikoa ambayo haijui mkorosho ni wengi kuliko wa mikoa inayoujua, na muswada wa fedha ni kifurushi: kifungu cha korosho kimefungwa pamoja na vifungu vya kodi za kila aina. Mbunge wa mkoa wa mbali aliyesimama akasema anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, huenda kifungu chetu hakukifikiria hata dakika moja. Asiyekuwepo na lake halipo.

*5. MSIMU ULIOFUATA*

Mnaukumbuka. Mwaka 2017 salfa ilitolewa bure. Mwaka 2018 mkulima akaingia mfukoni. Oktoba 2018 bei kwenye minada ikaanguka, wakulima wa kusini wakakataa kuuza. Novemba 10 mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, wakaondolewa. Novemba 12 Rais akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wakulima walishangilia bei hiyo, na walikuwa na haki.

Kisha ukaja uhakiki. Mwenye kilo nyingi aonyeshe shamba, ili watu wa kangomba wasijipenyeze. Nia ilikuwa njema. Ila mkulima halali asiye na karatasi naye aliwekwa foleni moja na mlanguzi, na kwa wengi malipo yalichelewa kuvuka mwaka. Uzalishaji wa nchi, uliokuwa umevuka tani 300,000 msimu wa 2017/18, ulishuka hadi takriban tani 225,000 msimu wa 2018/19.

Hatusemi kifungu kile peke yake ndicho kilichosababisha yote. Bei ya dunia ilishuka, na hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Tusibebeshe kifungu kimoja mzigo wa mambo matano. Lakini mkulima aliingia kwenye dhoruba ile bila mwavuli aliokuwa nao kisheria, na mwavuli huo uliondolewa kwa kura ya ndiyo ya jumla, katika wiki za mwisho za Juni, watu wakiwa mashambani wanapulizia.

*6. KUSEMA SI USALITI*

Tumesikia minong'ono kwamba mwanachama anayehoji sheria iliyopitishwa na wabunge wetu anafanya kazi ya wapinzani. Tunaijibu hapa hadharani.

Chama hiki ni cha vikao. Umoja wetu unatakiwa uonekane *baada* ya kujadiliana. Ukidaiwa kabla ya mjadala, huo ni ukimya tu, na ukimya haujawahi kumjulisha kiongozi kwamba njia ina shimo. Ahadi ya mwanachama inatutaka tuseme kweli, na haikuweka kipengele kwamba ukweli usemwe pale tu unapopendeza. Ndugu Ghasia na Ndugu Nape walibaki wana-CCM baada ya kusema, na mpaka Bunge linafungwa walikuwa wabunge wetu.

Tena hoja ya mkulima ikikosa nafasi ndani ya kikao chetu, itaitafuta nje, na huko watakaoipokea hawana deni la kutulindia kura. Mwaka huu Oktoba tunakwenda kuomba kura kwa mkulima huyu huyu. Akituuliza korosho yake ilisemewa na nani, balozi wa shina awe na jibu.

*7. MAPENDEKEZO YA OFISI YA TAWI*

Tunaomba mkutano ujadili na kuamua mambo haya matatu.

*La kwanza: tusome miswada.* Muswada hauanguki kutoka mbinguni. Unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unapelekwa kwenye kamati ya Bunge, na kamati hukaribisha maoni ya wadau. Tovuti ya Bunge huweka miswada na Hansadi, na kijana mwenye bando anaweza kuipakua hapa hapa Chole. Tuteue watu watano: mkulima, mwalimu, mmoja wa UWT, kijana, na mzee mmoja mwenye kumbukumbu. Kila Juni, bajeti ikishasomwa, wakae siku mbili watafute neno korosho, neno ushuru, neno kilimo na neno ardhi. Wakikuta jambo, watuletee kwa ukurasa mmoja.

*La pili: maoni yetu yatangulie kura.* Ukurasa huo upitie Halmashauri Kuu ya Tawi, uende Kata, uende Wilaya, na nakala aipate mbunge. Mbunge akiwa waziri, tumwombe aibebe hoja yetu ndani ya Serikali kabla muswada haujaiva, maana ukishaingia ukumbini mikono yake imefungwa. Akiwa mbunge wa kawaida, tumwombe aandae jedwali la marekebisho. Kwa vyovyote tupate jibu la maandishi.

*La tatu: daftari la korosho.* Kila shina liandike: mkulima, idadi ya mikorosho, mifuko ya salfa aliyotumia na bei aliyonunulia, kilo alizopeleka ghalani, namba ya stakabadhi, na tarehe aliyolipwa. Tuanze msimu huu. Uhakiki wa 2018 ulitufundisha kwamba shamba lisiloandikwa mtu anaweza kulikana. Na mbunge akisimama na takwimu za mashina, anasikilizwa tofauti na anayesimama na malalamiko.

*8. KWA WATAKAOPIGA KURA ZA MAONI*

Wajumbe wetu watakapokutana na watia nia katika vikao halali, wasiulize tu ataleta nini. Ahadi za kisima na barabara tumezisikia, na nyingine zimetimia, tunashukuru. Waulize na haya:

• Muswada unaogusa zao letu ukichapishwa, utatufikishia kwa njia gani, na ndani ya siku ngapi?
• Ukiteuliwa uwaziri, nani atauliza maswali ya Kisarawe ukumbini, na umepatana naye?
• Katika kamati ya wabunge wa Chama, jambo gani la mkulima utalipigania hata kama wengi hawalitaki?

Atakayejibu kwa kuimba nyimbo za Chama, mpigieni makofi maana nyimbo ni zetu sote, kisha mrudieni na swali lile lile.

Ndugu wanachama, Bunge la 12 litaanza baada ya Oktoba. Litakuwa na Muswada wa Fedha kila Juni, mara tano. Kifungu cha ushuru wa korosho kiliandikwa na watu, kikabadilishwa na watu, na kinaweza kuandikwa upya na watu. Tunachoomba ni kwamba safari hii, kabla Spika hajahoji wanaoafiki, karatasi ya Tawi la Chole iwe imeshafika Dodoma.

Maoni kuhusu mapendekezo haya matatu yapelekwe kwa balozi wa shina lako kabla ya kikao kijacho cha Halmashauri Kuu ya Tawi. Anayepinga naye alete, tena aandike sababu.

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!

*Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi, Chole*